Aplikesheni ya Swala na Madalali wa Data: Tushuku, Tusikate Tamaa



Ndugu msomaji, kaa katika hosteli yoyote ya chuo chetu alfajiri, kabla kuku hawajawika, usikilize. Simu ya chumba hiki inaadhini. Dakika moja baadaye inafuata ya chumba cha jirani, kisha ya mwenzetu wa ghorofa ya juu ambaye hajaamka kuizima. Wazee wetu waliangalia jua na kivuli, sisi tunaangalia kioo cha simu. Hakuna ubaya. Lakini ili simu ijue wakati wa swala, ni lazima kwanza ijue uko wapi. Swali la somo letu ni hili: ikishajua uko wapi, inamwambia nani?

Jambo hili likizungumzwa baada ya darsa, majibu huja haraka sana, na karibu yote huangukia katika kauli tatu.

Kauli ya kwanza: "Mimi sina la kuficha, wacha wachukue."

Kauli ya pili: "Kampuni zote ni wezi, wameshachukua kila kitu, hakuna la kufanya."

Kauli ya tatu: "Huu ni mpango wao dhidi ya Waislamu."

Kila kauli ina chembe ya ukweli ndani yake, ndiyo maana inarudiwa. Lakini mwanafunzi hapokei kauli kwa sababu inarudiwa. Anaipima. Tutazipima zote tatu kwa tukio moja lenye ushahidi, tena linalotugusa moja kwa moja.

TUKIO LENYEWE

Mwezi Novemba 2020, jarida la Marekani la Motherboard lilichapisha uchunguzi wa mwandishi Joseph Cox kuhusu biashara ya data ya mahali. Miongoni mwa programu zilizotajwa ilikuwamo Muslim Pro, inayotoa nyakati za swala, kibla na Qur'ani. Wakati huo ilikuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 98 duniani kote. Uchunguzi ulionyesha kwamba data ya mahali walipo watumiaji wake ilikuwa ikienda kwa kampuni ya Marekani iitwayo X-Mode. Kazi ya X-Mode ilikuwa kukusanya data ya aina hiyo kutoka katika programu nyingi na kuiuza. Baadhi ya wanunuzi wake walikuwa wakandarasi wa ulinzi, na kupitia kwao data iliweza kulifikia jeshi la Marekani.

Hapa tusome kwa uangalifu. Watengenezaji wa Muslim Pro walikanusha kwamba waliliuzia jeshi, na uchunguzi wenyewe haukusema kwamba waliliuzia moja kwa moja. Njia ilikuwa na mikono mingi zaidi, na somo limo katika mikono hiyo. Tuifuate hatua kwa hatua.

Kwanza, mtengenezaji wa programu anataka kuitoa bure, na anatafuta njia ya kulipwa.

Pili, anakuja dalali wa data na kumpa kipande kidogo cha programu, tayari kimeandikwa. Mtengenezaji anakibandika ndani ya programu yake na kulipwa kwa kufanya hivyo. Wewe mtumiaji hukioni.

Tatu, unaipa programu ruhusa ya kujua mahali ulipo, kwa nia safi ya kupata wakati wa Adhuhuri. Kile kipande kinapanda juu ya ruhusa hiyo hiyo. Kinachukua mahali ulipo, saa, na namba maalumu ambayo kila simu hupewa kwa ajili ya matangazo.

Nne, dalali anachanganya data hiyo na ya programu nyingine na kuiuza. Aliyenunua anaweza kumuuzia mwingine.

Huenda ukauliza: jina langu limo? Mara nyingi halimo, na kampuni hupenda kulisisitiza jambo hilo. Lakini simu inayolala kila usiku katika chumba kile kile, inayoingia kila asubuhi katika kitivo kile kile, na kila Ijumaa mchana inasimama msikitini, haihitaji jina. Ni wangapi wanaolala hapo, wanaosoma pale na kuswali kule? Ni mmoja, naye ni wewe.

PROGRAMU ILIHITAJI KIASI GANI?

Tufanye hesabu ndogo. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani uzi mmoja kwa kila dakika 4. Kati ya Kampala na Mbale kuna tofauti ya karibu uzi mmoja na nusu kuelekea mashariki. Kwa hiyo jua huwafikia watu wa Mbale kama dakika 6 kabla ya kuwafikia wa Kampala. Huo ni mji na mji. Sasa njoo karibu: huku kwetu kwenye ikweta, kilomita moja ya mashariki au magharibi hubadilisha wakati kwa sekunde zisizozidi 3. Kutoka hosteli hadi maktaba hakuna tofauti yoyote ambayo muadhini angeijali.

Kibla nacho ni vivyo hivyo. Ukiwa Kampala, Makka iko kaskazini ikiinama kidogo mashariki, na mwelekeo huo haubadiliki kwa kuvuka barabara.

Maana yake ni kwamba kazi yote inayotusaidia ingefanyika kwa kuandika neno moja tu: Kampala, Mbale, Arua, Bujumbura. Kujua mlango uliosimama nao, na kujua tena kila baada ya muda mfupi, si haja ya swala. Ni haja ya soko. Ukilishika hili umeshika nusu ya somo: programu ikiomba zaidi ya inachohitaji, kile cha ziada ni cha mtu mwingine.

KAULI YA KWANZA: "SINA LA KUFICHA"

Twende New York, maana jibu la kauli hii lilipatikana kule, tena kwa wanafunzi kama sisi.

Kuanzia mwaka 2011, shirika la habari la Associated Press lilifichua kwamba polisi wa jiji la New York walikuwa wakipeleleza Waislamu: misikiti yao, maduka yao, mikahawa yao, na jumuiya za wanafunzi Waislamu katika vyuo kadhaa. Ripoti moja ya polisi ilihusu safari ya wanafunzi 18 wa City College mwezi Aprili 2008. Walikwenda kupiga makasia mtoni. Askari aliyejificha alikwenda pamoja nao. Aliandika majina ya viongozi wa jumuiya waliokuwepo, akaandika kwamba walizungumza sana kuhusu dini, na kwamba waliswali angalau mara nne kwa siku.

Hao ndugu walikuwa na nini cha kuficha? Hawakuwa na chochote. Walikuwa mtoni. Mwaka 2012 afisa mwandamizi wa polisi hao alikiri kwa kiapo kwamba kitengo kilichochora ramani ya maisha ya Waislamu hakikuwahi, kwa zaidi ya miaka sita, kutoa dokezo lolote lililoanzisha uchunguzi wa ugaidi. Kitengo kilivunjwa mwaka 2014. Lakini majina yalikuwa yameshaandikwa, na wanafunzi walikuwa wameshaanza kutazamana kwa shaka: nani kati yetu ndiye?

Kwa hiyo kutokuwa na la kuficha hakumzuii mtu kuandikwa. Anayeamua kama ulichofanya ni cha kutilia shaka si wewe uliyekifanya, ni yule anayeshika orodha. Tena angalia tofauti ya zama. Mwaka 2008, ili kujua kwamba kundi la vijana limeswali mara nne, ilibidi askari alipwe, apande mtumbwi na kulowa maji. Leo simu zilizo mifukoni mwetu zinaweza kutoa habari hiyo bila mtu kutoka ofisini.

KAULI YA TATU: "NI MPANGO DHIDI YETU"

Ninairukia ya tatu kwanza, kwa sababu nayo imejengwa juu ya historia niliyoieleza sasa hivi. Mtu aliyepelelezwa kwa sababu ya dini yake hawezi kulaumiwa kwa kushuku. Lakini Suratul Hujurat, katika aya ya 12, inatukataza mambo mawili kwa pamoja: kukithirisha dhana na kupelelezana. Hatuwezi kulishika la pili dhidi ya wengine na kuliacha la kwanza.

Ushahidi unasema nini? Uchunguzi ule ule wa mwaka 2020 ulizitaja programu nyingine zilizopeleka data kwa X-Mode. Mojawapo ilikuwa ya kufuatilia dhoruba. Nyingine ilikuwa ya kumsaidia fundi kujua kama rafu aliyopigilia ukutani imenyooka. Dalali hakuwa akiwatafuta Waislamu. Alikuwa akitafuta simu nyingi iwezekanavyo, na simu za Waislamu ni nyingi, tena zina sababu nzuri ya kutoa ruhusa ya mahali kila siku.

Ukweli huu haupunguzi uzito wa jambo, unaubadilisha tu. Muuzaji hakuhitaji kutuchukia ili atuuze. Ilitosha kwamba tulikuwa na bei. Mnunuzi ndiye mwenye makusudio yake, na muuzaji hamuulizi. Anayeamini kwamba kila kitu ni njama ya adui ataitupa programu ya kigeni na kupakua ya "ndugu yetu" bila kusoma kitu. Mwezi Januari 2021, Motherboard hao hao waliripoti kwamba programu nyingine ya nyakati za swala, Salaat First, ilikuwa ikipeleka data ya watumiaji kwa dalali wa Kifaransa aitwaye Predicio. Jina la Kiislamu na picha ya kuba si ushahidi wa uaminifu.

Na kwa nini dola inunue badala ya kuomba? Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Carpenter, iliamua kwamba kwa kawaida serikali inahitaji hati ya jaji ili ipewe na kampuni ya simu historia ya mahali alipokuwa mtu. Lakini mwaka 2021 Shirika la Ujasusi wa Ulinzi la nchi hiyo lilieleza kwamba, kwa tafsiri yake, uamuzi huo hauhusu data iliyonunuliwa sokoni. Kwa maneno mengine, kitu kinachohitaji hati ya jaji mlangoni hupatikana sokoni kwa fedha. Wala haihitajiki njama ya siri, maana soko liko wazi.

KAULI YA PILI: "HAKUNA LA KUFANYA"

Hii ndiyo ninayoihofia zaidi, kwa sababu inavaa nguo za busara. Anayeisema huonekana ameshajua yote na hadanganyiki. Lakini tazama anachokifanya baada ya kuisema: anabonyeza "Nakubali" sawasawa na yule asiyejua chochote. Kwa kampuni, mjuzi aliyekata tamaa na mjinga asiyejali ni mteja yule yule.

Tena kauli yenyewe si kweli. Angalia kilichofuata baada ya uchunguzi kuchapishwa. Watumiaji walikasirika, wengi wakatangaza kwamba wanaifuta programu. Mara moja Muslim Pro ilitangaza kuachana na X-Mode. Mwezi Desemba 2020, Apple na Google ziliwataka watengenezaji waondoe kipande cha X-Mode katika programu zao au wafungiwe. Mwezi Januari 2024, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, FTC, ilitangaza amri ya kuizuia X-Mode, ambayo kwa wakati huo ilikuwa imebadili jina na kuitwa Outlogic, kuuza data ya maeneo nyeti, yakiwemo ya ibada na ya matibabu. FTC ilisema ndiyo amri yake ya kwanza ya aina hiyo.

Sitaki kukupamba kwa ushindi. Ilichukua zaidi ya miaka mitatu. Dalali alibadili jina na kuendelea. Kwa mujibu wa FTC, hadi Mei 2023 kampuni hiyo haikuwa hata na utaratibu wa kuondoa maeneo nyeti katika data ghafi iliyokuwa ikiuza. Na madalali wengine wapo. Lakini mlango uliokuwa wazi kabisa umefungwa kwa sehemu, na waliousukuma ni mwandishi aliyeuliza, watu wa kawaida waliokasirika wakiwa na ushahidi mkononi, na chombo cha sheria kilichofanya kazi yake. Waliosema "hakuna la kufanya" hawakusukuma chochote.

NA HUKU KWETU?

Uganda ina sheria ya ulinzi wa data na faragha tangu mwaka 2019. Kenya ilitunga yake mwaka huo huo, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania mwaka 2022. Sheria ya Uganda inaiweka data inayohusu imani ya dini katika kundi maalumu, pamoja na data ya afya na ya fedha, ambayo hairuhusiwi kukusanywa isipokuwa kwa masharti.

Je, imewahi kutumika? Ndiyo. Baada ya malalamiko ya watetezi wa haki za kidijitali, mamlaka ya serikali ya teknolojia, NITA-U, ilichunguza programu ya bodaboda ya SafeBoda, ambayo wengi wetu tumeipanda mjini Kampala. Mwaka 2021 ilitoa matokeo kwamba data ya wateja, yakiwemo majina, namba za simu na barua pepe, ilikuwa imetolewa kwa kampuni ya nje iitwayo CleverTap bila wateja kuarifiwa ipasavyo. Ni tukio dogo ukililinganisha na la jeshi la Marekani, lakini linathibitisha kwamba malalamiko yakiandikwa vizuri huku kwetu husomwa na mtu.

TUFANYE NINI?

Kwanza, leo hii fungua mipangilio ya simu yako, uende kwenye ruhusa za mahali. Programu ya swala ipe ruhusa ya "wakati wa kutumia tu", na uzime mahali kamili ili ibaki na makadirio. Ikiwa inakubali kuandikiwa jina la mji, andika mji na uiondolee ruhusa kabisa.

Pili, katika sehemu ya faragha, tafuta mipangilio ya matangazo. Simu nyingi za Android za miaka ya karibuni zinakuruhusu kuifuta ile namba ya matangazo. Kwenye iPhone, kataa programu zinapoomba kukufuatilia.

Tatu, kabla ya kupakua programu yoyote jiulize maswali matatu: Inachukua nini? Inahitaji kiasi gani ili ifanye kazi yake? Ziada inakwenda kwa nani? Isipokuwa na jibu la swali la tatu, tafuta nyingine. Na ratiba ya karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa msikiti bado ni sahihi, wala haimwambii mtu uliisoma saa ngapi.

Nne, na hili ni letu sisi wenyewe. Kila Ramadhani tunapitisha fomu ya futari: jina, namba ya simu, hosteli, namba ya chumba. Kisha orodha nzima, ya akina kaka na akina dada, inarushwa katika kundi la WhatsApp lenye mamia ya watu, baadhi yao walimaliza chuo zamani na wengine hatuwajui. Hakuna aliyetulipa, lakini kitendo ni kile kile: tumeichukua amana kwa sababu moja na kuiachia iende kwingine. Tukitaka kuzisema kampuni, tuanze na daftari letu. Tuombe kinachohitajika tu, orodha ishikwe na katibu na wanaopika, na baada ya Idi ifutwe. Dada mmoja akipigiwa simu usiku na mtu asiyemjua kwa sababu ya orodha yetu, hatutakuwa na X-Mode wa kumlaumu.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA DARSA

1. Chagua programu tatu zilizo katika simu yako. Kila moja ina ruhusa zipi, na zipi kati ya hizo si za lazima kwa kazi yake?

2. Ni nani mwenye dhima kubwa zaidi katika tukio la mwaka 2020: mtengenezaji, dalali, mnunuzi, au mtumiaji aliyebonyeza bila kusoma? Toa hoja.

3. Kuna tofauti gani kati ya kushuku kwa ushahidi na dhana mbaya? Toa mfano mmoja wa kila upande katika mambo ya teknolojia.

4. Jumuiya yetu inashika data gani ya wanachama, iko wapi, na nani anaweza kuifungua?

Ndugu msomaji, kesho alfajiri simu yako itakapoadhini, itikia na uinuke. Ukirudi kutoka msikitini, kabla hujafungua kitu kingine, tumia dakika tano kuangalia ruhusa ulizozitoa. Kisha mwoneshe mwenzako wa chumba namna ya kufanya.

Wabillahi tawfiq.